Mradi wa maji wa kijiji udumu vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwenye mikutano ya vijiji, vikao vya kamati za maji na simu za mafundi pampu inapogoma. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia hali ya Tanzania, ingawa mengi yatamfaa pia msomaji wa Kwale au Kitui nchini Kenya. Yamekusudiwa kamati, wenyeviti wa vijiji, na mwananchi yeyote anayetaka kujua fedha ya ndoo yake inakwenda wapi.

Mradi wetu umezinduliwa mwezi uliopita. Kwa nini mnatuletea habari za kuharibika?

Kwa sababu huu ndio wakati ambao kila mtu bado anasikiliza. Mwaka wa kwanza pampu ni mpya, mabomba hayajaziba, na mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro za ujenzi kwa gharama yake. Kamati ikikaa tu kwa kuwa maji yanatoka, muda huo wa uangalizi unapita, na kasoro zote zinabaki kuwa deni la kijiji.

Upimaji wa vituo vya maji vijijini uliofanyika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kuwa takriban vituo 4 kati ya 10 vilikuwa havifanyi kazi, na baadhi yake vilikuwa na umri wa miaka michache tu. Hapo tatizo halikuwa uchakavu. Mara nyingi lilikuwa valvu iliyokatika na hakuna shilingi ya kuinunulia, au fundi aliyeacha kazi kwa kutolipwa miezi kadhaa.

Mradi ni mali ya nani: kijiji, serikali au mfadhili?

Mfadhili akishakabidhi, si mmiliki tena, hata kama jina lake limeandikwa kwenye tenki. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioanza kazi Julai 2019. RUWASA hupanga, hujenga, husimamia na husaidia matengenezo makubwa. Kazi ya kila siku ya kuendesha mradi, kutoza na kutunza ni ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi hukiita CBWSO. Wanachama wa chombo hicho ni watumia maji wenyewe.

Serikali ya kijiji ina nafasi yake: kulinda chanzo, kutunga sheria ndogo, kusuluhisha migogoro. Haina nafasi kwenye droo ya fedha ya chombo. Mwenyekiti wa kijiji anayekopa fedha za maji ili kumalizia darasa ana nia njema, lakini pampu ikiungua mwezi unaofuata, wanafunzi wa darasa hilo ndio watakaopelekwa mtoni na ndoo.

Maji ni ya Mungu. Kwa nini tulipie?

Swali hili linastahili jibu la heshima, maana wazee wanaouliza wanakumbuka vizuri. Mwaka 1971 serikali ilianza programu ya miaka 20 yenye lengo la kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu na nyumbani ifikapo mwaka 1991. Serikali ilijenga, ilinunua dizeli, ililipa wahudumu wa mashine, na mwananchi hakudaiwa kitu. Nia ilikuwa safi. Lakini uchumi ulipoyumba, dizeli ikakosekana, vipuri vikakosekana, na mashine nyingi zikasimama zikiwa bado nzima. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikaanza kuzungumzia uchangiaji, na ile ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba gharama za uendeshaji na matengenezo vijijini zitabebwa na watumiaji.

Kwa hiyo mwananchi halipii maji. Analipia bomba linaloyaleta, umeme unaoyapandisha, na mtu anayeamka usiku kuziba palipopasuka. Na kama halipi kwa ndoo, hulipa kwa njia nyingine: boda boda inayoleta dumu kwa bei mara kumi, siku ya shamba iliyopotea kwenye foleni ya kisima, mtoto anayeharisha.

Bei ya ndoo ipangweje?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu bei nyingi vijijini hupangwa kwa kuangalia kijiji jirani kinatoza ngapi. Jirani anatumia mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kutoka mlimani, ninyi mnatumia jenereta. Hamwezi kuwa na bei moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina watu 2,500, kisima kirefu na pampu ya sola. Mradi unazalisha wastani wa lita 12 kwa kila mtu kwa siku, hivyo jumla ni uniti 30, yaani lita 30,000. Tuseme asilimia 20 inavuja njiani. Zinazouzwa ni uniti 24, na kwa kuwa uniti moja ni ndoo 50 za lita 20, hizo ni ndoo 1,200. Kwa shilingi 30 kwa ndoo, mnapata shilingi 36,000 kwa siku, au 1,080,000 kwa mwezi.

Sasa matumizi ya mwezi: fundi 200,000, mhasibu 200,000, mlinzi 100,000, matengenezo madogo 100,000, ofisi na usafiri 60,000. Wauzaji kwenye vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, wanapata asilimia 15 ya mauzo, yaani 162,000. Jumla 822,000. Zinabaki 258,000.

Kamati nyingi zikifika hapo hufurahi na kusema tuna faida. Hiyo si faida. Pampu na kifaa cha kuiendesha vina mwisho wake. Kama kubadilisha vyote kutagharimu milioni 12 na vinatarajiwa kudumu miaka 8, kila mwezi lazima mweke kando 125,000 ambazo haziguswi kwa jambo lingine lolote. Kinachobaki, 133,000, ndicho cha dharura na upanuzi.

Turudi kwenye hesabu ileile, ila uvujaji umefika asilimia 45. Zinauzwa uniti 16.5, mapato yanashuka hadi 742,500 kwa mwezi, na matumizi, hata baada ya kupungua kwa malipo ya wauzaji, ni 771,375. Mnakula hasara kila mwezi bila kununua hata kipuri kimoja cha ziada. Ndiyo maana nasisitiza dira kuu (mita ya kupimia maji) pale tenkini na dira kwenye kila kilula. Fundi asome zote kila wiki na kulinganisha. Kamati isiyojua inapoteza maji kiasi gani itapandisha bei, watu watarudi kwenye mto, mapato yatashuka zaidi, na wote watalaumiana.

Wasio na uwezo tuwafanyeje?

Wapo, na kila kijiji kinawajua: bibi anayelea wajukuu, mtu mwenye ulemavu anayeishi peke yake. Mkutano mkuu uwataje kwa majina na uamue kiasi watakachochota bure kila siku. Msamaha uwe wa wazi na uandikwe, usiwe hisani ya muuzaji. Ukiachwa mikononi mwa muuzaji, ndugu na marafiki zake ndio watakaokuwa maskini wa kwanza.

Shule na zahanati ni suala tofauti. Mara nyingi hizi ndizo zenye madeni makubwa kuliko kaya yoyote, kwa sababu hakuna aliyeweka maji kwenye bajeti yao. Wafungieni dira, wapelekeeni ankara kila mwezi hata kama wanachelewa, na mfuatilie halmashauri. Msikatie zahanati maji. Akina mama wanajifungulia humo.

Fedha zitunzwe wapi na nani aidhinishe matumizi?

Miradi mingi hufa daftarini kabla haijafa kisimani. Pampu ikiungua leo, ukirudi nyuma utakuta kwamba mwaka mmoja kabla yake hesabu ziliacha kusomwa mbele ya wananchi. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha wakaanza kuchota bila kulipa, kwa hoja ya haki kabisa: kwa nini nilipe fedha inayoliwa? Baada ya hapo kamati haikuwa na mapato wala sauti.

Kwa hiyo mambo machache yafuatwe bila kupepesa. Akaunti ya benki iwe ya chombo, siyo ya kijiji wala ya mtu, na wenye saini wasitoke familia moja. Fedha ya vilula ipelekwe benki au kwa wakala kwa siku zilizopangwa. Isilale nyumbani kwa mhazini hata akiwa mwaminifu kiasi gani, maana hata mwaminifu huuguliwa na mtoto usiku wa manane na kibubu kikiwa chini ya kitanda. Pale ambapo malipo kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu yameanza, yatumieni, yanapunguza mikono inayogusa noti.

Anayeidhinisha asiwe anayenunua. Na kila risiti, hata ya gundi ya bomba, ibandikwe kwenye daftari.

Halafu taarifa. Mkutano mkuu wa mara moja kwa mwaka hautoshi. Kila mwezi bandikeni karatasi kwenye kila kilula yenye mistari mitano: tulianza na kiasi gani, tumepata kiasi gani, tumetumia kwa nini, tumebakiwa na nini, akiba ya pampu imefika wapi. Herufi kubwa, Kiswahili chepesi. Muuzaji wa kilula aweze kumsomea asiyejua kusoma. Nimeona vijiji ambako karatasi hiyo peke yake ilirudisha walipaji ambao polisi jamii walishindwa kuwarudisha.

Ipi bora: pampu ya mkono, sola, jenereta au mserereko?

Mkiwa na chemchemi juu mlimani, chagueni mserereko na msigeuke nyuma. Maji yanashuka yenyewe, gharama ya nishati hakuna. Miradi ya miteremko ya Kilimanjaro kama Uroki–Bomang'ombe na Losaa–KIA wilayani Hai, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani, ilijijengea sifa ya kudumu. Lakini mserereko peke yake haukuwa siri yao. Dira zilifungwa, watu walilipa, na waliajiriwa wafanyakazi wa kudumu. Ipo miradi ya mserereko mingi iliyokufa kwa sababu valvu za kutolea hewa na za kuoshea bomba hazikufunguliwa tangu siku ya uzinduzi.

Pampu ya mkono inafaa kitongoji kidogo, watu wasiozidi 250 hivi. Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 ili itunzwe na wanakijiji wenyewe kwa zana chache, na majaribio yake makubwa yalifanyika Kwale, pwani ya Kenya. Vikombe vyake vya mpira havina budi kubadilishwa mara kwa mara, na ni rahisi. Ikizidi kina cha mita 45 hivi, hiyo siyo pampu yenu.

Jenereta lina unafuu siku ya kununua na ghali kila siku baada ya hapo. Sola imebadilisha hesabu hizo, lakini watu husahau kwamba paneli hukaa miaka 20 na zaidi, ilhali kifaa cha kuendesha pampu huweza kufa kabla ya miaka 10. Paneli zifutwe vumbi, zizungushiwe uzio, na tenki liwe kubwa la kutosha kwa siku za mawingu.

Fundi wa kijiji anatosha?

Kwa kuziba bomba na kubadili koki, ndiyo, mradi alipwe. Fundi wa kujitolea hujitolea mpaka apate kibarua mjini, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa matatizo makubwa, kijiji kimoja hakina ubavu wa kuajiri fundi umeme wala kuweka stoo ya vipuri. Ndiyo sababu RUWASA imekuwa ikiunganisha vyombo vidogo kuwa vikubwa vinavyohudumia vijiji kadhaa, na wanakijiji wanaopinga kuunganishwa wana hofu ninayoielewa: fedha yetu itatengeneza pampu ya wengine. Hofu hiyo hutulizwa kwa hesabu inayoonyesha mapato na matumizi ya kila kijiji peke yake.

Mfano mzuri uko Kyuso, Kitui, nchini Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu, vikawa vinatuma taarifa kwa simu kuonyesha pampu inatumika kiasi gani. Pampu ikinyamaza, fundi anajua na anatumwa. Muda wa kukaa bila maji ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya matengenezo ya kulipia inayoitwa FundiFix, Kitui na Kwale. Somo ninalolichukua si lile la kifaa. Wananchi waliokuwa wagumu kulipa walianza kulipa pale walipoona pampu inarudi haraka.

Maji ya chanzo yanapungua kila mwaka. Tufanye nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Pimeni mita hizo, wekeni alama zinazoonekana, na mzungumze na mwenye shamba kabla hamjazungumza na mgambo. Wengi wamelima pale tangu enzi za babu zao. Kubadilishana eneo, au kumsaidia apande miti ya matunda mpakani, huleta amani ambayo faini haileti. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, inakunywa maji mengi.

Hakikisheni pia mna kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde lenu. Siku mwekezaji wa umwagiliaji akifika juu yenu, kibali hicho ndicho kitakachowatetea. Na kwa kisima kirefu, fundi apime kina cha maji kila mwezi kwa kamba na kuandika. Mkiona kinashuka mwaka hadi mwaka, punguzeni saa za kusukuma mapema.

Wafugaji wanaleta ng'ombe kwenye vilula. Tuwafukuze?

Hapana. Ng'ombe mmoja mkubwa huweza kunywa lita 25 hadi 40 kwa siku ya joto, hivyo kundi la mia moja linakunywa kama kitongoji. Wakati wa usanifu hesabu hiyo lazima iwemo. Jengeni mabirika mbali na vilula, chini ya mteremko, yenye dira yake na bei yake. Mfugaji hulipa vizuri akiuziwa kwa utaratibu, na katika vijiji vingi vya Manyara na Dodoma yeye ndiye anaweza kuubeba mradi wakati wa kiangazi.

Tutajuaje kama maji ni salama?

Kwa kupima. Macho hayaoni floraidi. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga kuna visima vyenye floraidi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Majibu ya maabara yapatikane kabla ya kununua pampu.

Vijidudu ni habari nyingine: hapo klorini tenkini na ndoo safi yenye mfuniko nyumbani hufanya kazi kubwa.

Vyoo vinahusianaje na mradi wa maji?

Vinahusiana kwa ukaribu kuliko bajeti zinavyoonyesha. Choo cha shimo kisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Kampeni kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni zimehamasisha wengi kujenga. Kazi ngumu huja baada ya hapo: mvua inabomoa shimo kwenye udongo wa kichanga, kaya inarudi kichakani kimyakimya, na cheti cha kijiji kutojisaidia ovyo kinabaki ukutani.

Ushauri wangu ni kwamba afisa afya na kamati wapite kila kaya baada ya masika, si baada ya kampeni. Mafundi wa kijiji wafundishwe kujengea shimo kwa matofali au mawe pale udongo unapomomonyoka. Na shuleni, pawepo chumba chenye maji, mlango unaofungika na sehemu ya kutupia taulo za kike, la sivyo wasichana watakosa masomo siku kadhaa kila mwezi.

Lazima wanawake wawe kwenye kamati?

Lazima, na wasiwe wa kuhesabika tu. Wao na watoto wao ndio wachotaji, wanajua kilula kipi kina msukumo mdogo saa kumi na mbili asubuhi. Wapeni nafasi zenye maamuzi: uenyekiti, uhazini. Mwanamke aliyeshika kitabu cha VICOBA miaka mitano ana uzoefu wa hesabu za watu kuliko wengi. Vikao vipangwe saa ambazo hawapo jikoni.

Mfadhili anaondoka mwezi ujao. Tudai nini kwenye makabidhiano?

Nyaraka kabla ya ngoma. Ripoti ya uchimbaji wa kisima yenye kina, kiwango cha maji na wingi uliopimwa. Ramani ya mabomba inayoonyesha kila valvu na kiungio. Miongozo na dhamana za pampu. Majibu ya maabara. Hati za ardhi ya tenki na chanzo. Nakala moja ibaki kwa RUWASA wilayani, nyingine kwa chombo. Bila ramani hiyo, fundi wa miaka kumi ijayo atachimba nusu ya kijiji akitafuta bomba.

Mradi wetu umekufa miaka mitatu sasa. Tuanzie wapi?

Msianze kwa kuandika barua ya kuomba pampu mpya. Iteni mkutano na kwanza someni hesabu za zamani, hata kama ni chungu. Kama kuna fedha iliyopotea, isemwe mbele ya waliochangia, na aliyehusika ajibu kwa utaratibu wa sheria. Chagueni kamati mpya, kisha mwombeni meneja wa RUWASA wa wilaya alete fundi akague kisima, pampu, tenki na mabomba, aandike kinachofaa na kisichofaa. Mara nyingi sehemu kubwa bado ni nzima.

Baada ya hapo pangeni bei mpya kwa hesabu kama ile ya juu, na kila kaya ianze kuchangia miezi miwili kabla maji hayajarudi. Fedha hiyo ikiwa benki, na karatasi ya hesabu ikiwa imebandikwa kwenye kilula kikavu, pelekeni sasa barua yenu wilayani.